Roboti za kugeuka zenye vibao kupita kiasi: namna ya kuzichagua, kuzigeuza na kuzirekebisha

Ukifungua boksi la roboti ya kugeuka ya siku hizi, yaani mdoli wa roboti unaogeuka kuwa gari au ndege, kinachokutisha kwanza ni karatasi ya maelekezo. Imekunjwa mara nyingi, michoro yake midogo, mishale imetapakaa, na picha ya hatua ya kumi na tano inafanana kabisa na ya kumi na nne isipokuwa kuna kitu kimehama, na hicho kitu hukioni. Unautazama mdoli, unaitazama karatasi, unaanza kujiuliza kama aliyeubuni alitaka uchezewe kweli au alitaka tu kuonyesha ufundi wake.

Nauliza swali hilo mara nyingi, na msimamo wangu nautoa mapema: wingi wa hatua si kosa. Ipo roboti ya hatua 40 inayogeuka kwa raha, na ipo ya hatua 15 inayokutoa jasho. Kinachoharibu mambo ni vibao, yaani vile vipande vyembamba vya bodi ya gari vinavyokunjwa, kuzungushwa na kufichwa mgongoni au ndani ya miguu ili roboti isionekane kwamba iliwahi kuwa gari. Vibao vikizidi, unakuwa hugeuzi tena roboti, unafungasha. Mwongozo huu ni wa mtu anayezipenda hata hivyo, anayetaka kuchagua kwa akili na kuzigeuza bila kuvunja kitu.

Utata umetoka wapi

Kulijua hili kunasaidia mikono yako, kwa hiyo usiruke.

Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli iliyokuwa tayari inauzwa Japani na kampuni ya Takara, katika safu za Diaclone na Micro Change, ikaipa majina mapya na hadithi mpya. Ndiyo ikawa Transformers. Optimus Prime wa mwaka ule, roboti inayogeuka kuwa lori, alitoka Diaclone, na kumgeuza ni kazi ya dakika moja: ngumi zinachomolewa, kichwa kinazama kifuani, mikono inarudi ubavuni, miguu inakunjwa kwenda nyuma na kuwa chesi ya lori. Vioo vya kifuani ni kioo cha mbele cha lori, kilekile, hakuna kilichofichwa. Ubaya wake ni ngumi hizo: zilikuwa vipande vya pembeni, zikapotea chini ya makochi ya dunia nzima, na mpaka leo ukimpata wa zamani uliza kwanza ngumi ziko wapi.

Mfano bora zaidi wa ubunifu wa zama zile, kwangu mimi, ni ndege ya VF-1 Valkyrie aliyoibuni Shoji Kawamori kwa ajili ya katuni ya Macross ya mwaka 1982. Mdoli wake wa kipimo cha 1/55 ulitengenezwa na Takatoku, na mwaka 1985 Hasbro waliuuza Marekani kwa jina la Jetfire. Itazame ndege ile kwa chini. Injini mbili ndizo miguu. Matundu ya kutolea moshi ndiyo nyayo. Mikono imelala katikati ya injini, chini ya tumbo la ndege. Unaposhusha miguu, inabebwa kutoka nyuma kuja mbele, na ghafla ndege ina nyonga. Vitu vikubwa vinahama, vidogo vinavifuata. Hilo ndilo jicho unalotakiwa kuwa nalo kila unapotazama roboti yoyote: je, kinachohama ni mwili, au ni ganda?

Kisha matakwa yakaongezeka, moja juu ya jingine. Roboti iwe na viungo vyote vya binadamu: magoti, viwiko, kiuno, hata vifundo vya miguu vinavyoinama pembeni. Gari nalo lifanane na gari halisi. Mwaka 2003 Takara walitoa safu ya Binaltech, magari ya kipimo cha 1:24 yenye bodi ya chuma na leseni ya watengenezaji wenyewe, Subaru Impreza ya mashindano ikiwemo, milango ikifunguka na boneti ikifunguka. Mwaka huohuo ikaanza safu ya Masterpiece kwa wakusanyaji watu wazima. Sharti jingine: kisichomolewe kipande hata kimoja, maana wanunuzi wa leo wakiona ngumi imechomolewa wanapiga kelele.

Filamu ya Transformers ya mwaka 2007 ikatia petroli. Optimus wa kompyuta aliyetengenezwa na ILM, kampuni ya picha za kompyuta za filamu, alikuwa na vipande 10,108, na kompyuta haina shida ya pini wala bawaba. Wabunifu wa midoli wakaachiwa mzigo wa kuufanya umbo lile liwe plastiki inayoshikika.

Lakini kilichozidisha vibao kuliko vyote si filamu, ni katuni. Wachoraji wa katuni za 1984 hawakulazimika kusema kweli. Walichora roboti laini, yenye miguu iliyonyooka na mgongo mtupu, na bastola inayokaa mkononi mwa mtu ikageuka jitu. Wanunuzi walipoanza kudai mdoli ufanane na mchoro ule, kila kipande cha gari kikalazimika kupotea mahali fulani. MP-10 ya mwaka 2011, Optimus wa Masterpiece, bado alionekana lori lililosimama, kumgeuza kunafurahisha. MP-36, Megatron (ndiye ile bastola) wa mwaka 2017, na MP-44, Optimus wa mwaka 2019, walimkaribia sana wa katuni, na gharama yake utaiona kwenye miguu: imejaa vibao ndani ya vibao. Wapo wanaowasifia kwa moyo wote. Wakisimama kabatini nami nawasifia.

Takara Tomy wenyewe, yaani Takara baada ya kuungana na kampuni ya Tomy, inaonekana walisikia malalamiko, maana mwaka 2024 wakatoa safu ya Missing Link: Optimus wa mwaka 1984 kwa ugeuzaji wake uleule mwepesi, ila sasa ana viwiko na magoti yanayofanya kazi. Na ukitaka kujua inagharimu nini kumwondolea binadamu kazi hii kabisa, kampuni ya Robosen ilitoa mwaka 2021 Optimus anayejigeuza mwenyewe kwa mota 27 za sevo. Bei yake wakati anatoka ilikuwa karibu dola 700.

Kabla ya kulipa

Picha ya mbele ya boksi ni ya kuuzia. Tafuta picha nne nyingine.

Ya kwanza ni ya mgongo wa roboti. Ukiona paa zima la gari limening'inia mgongoni, hilo ni ganda. Si dhambi, mradi linashikwa na kitu. Ganda linaloning'inia bila kubanwa ndilo la kukimbia, kwa sababu roboti itaanguka chali kila ukiisimamisha. Ya pili ni ya tumbo la gari, chini kabisa. Kama unaona uso wa roboti na vidole vimelala wazi chini ya gari, mbunifu hakuficha sana, na kwa kawaida hiyo ni ishara njema: ugeuzaji utakuwa mwepesi. Kama tumbo limezibwa laini kabisa, jiandae. Ya tatu ni ya ndani ya miguu ikiwa nusu imegeuzwa, na hii huipati kwenye tangazo la duka, unaipata kwenye video.

Ya nne si picha bali dakika ya mwisho ya video. Tafuta mtu anayeigeuza bila kukata video, halafu usitazame mwanzo, tazama mwisho. Hesabu ni mara ngapi anabana mahali palepale. Mtu akibana boneti, bampa likaruka. Akabana bampa, mlango ukaruka. Akarudi kwenye boneti, hapo umeshapata jibu lako. Roboti nzuri inafunga kwa sauti moja ya mlio mfupi, na haifunguki tena mpaka uitake.

Namba ya hatua iliyoandikwa kwenye boksi ichukulie kama makadirio tu. Hatua moja kwenye karatasi inaweza kuwa kuzungusha kichwa, na hatua nyingine moja ikawa kukunja vibao vinne vinavyotakiwa kwenda pamoja. Namba haikwambii.

Halafu kuna kopi. Sokoni kwetu, iwe Kariakoo au River Road, unachokiona mara nyingi si cha Hasbro wala Takara Tomy bali kopi, na nyingine zimekuzwa kuliko ile halisi ili zionekane za thamani. Kukuza kuna hesabu yake. Ukikuza mdoli kwa robo, yaani mara 1.25, uzito unakaribia kuwa mara mbili, lakini eneo la msuguano kwenye pini linaongezeka mara 1.56 tu. Ndiyo maana kopi kubwa ya roboti yenye vibao vingi hulegea mabega na nyonga mapema hata kama plastiki yake ni nzuri. Kopi za roboti rahisi zinavumilika. Kopi ya roboti yenye utata, ambayo hata ile halisi inahitaji vipande vikutane kwa sehemu ndogo ya milimita, mimi siinunui.

Ukinunua ya mtumba, bila boksi wala karatasi, fanya ukaguzi wa dakika tano hapohapo. Tikisa taratibu usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani. Tazama kwenye kila tundu la pini kama plastiki imekuwa nyeupe au ina ufa mwembamba, hasa plastiki inayopitisha mwanga, maana hiyo ndiyo hupasuka kwanza. Chunguza kama kushoto na kulia vinafanana. Kipande kilichopo upande mmoja kinatakiwa kuwepo upande wa pili. Na kama plastiki ni ya rangi ya dhahabu yenye mchirizi wa kung'aa ndani yake, na mdoli ni wa mwishoni mwa miaka ya 1980 au wa miaka ya 1990, usiuzungushe kiungo chochote. Plastiki ile ina ugonjwa unaojulikana sana kwa wakusanyaji: unga wa kung'aa uliochanganywa ndani uliidhoofisha, ikawa inasagika yenyewe kwa umri. Imekwisha hata kama inaonekana mpya.

Andaa meza

Taulo jeupe au la rangi moja mezani, ili kipande kikidondoka usikitafute. Taa inayotoka pembeni, maana mwanga wa juu tupu hauonyeshi mipaka ya vibao. Kijiti cha meno cha mbao au kipande cha kadi ya simu ya zamani kwa ajili ya kunyanyulia kingo. Kisu na bisibisi viweke mbali, vinaacha kovu. Simu ya kupigia picha.

Picha ni muhimu kuliko karatasi ya maelekezo. Kabla hujagusa chochote piga picha pande zote sita, kisha kila unapomaliza sehemu moja piga nyingine. Karatasi itakuonyesha kwenda. Picha zako ndizo zitakazokuonyesha kurudi.

Ukiwa sehemu za baridi, Limuru au Makete mwezi wa Julai, mdoli uliolala kwenye chumba cha baridi ushike kwanza mkononi au uache ndani palipo na joto kidogo. Plastiki baridi haipindi, inakatika.

Soma viungo kabla ya kugeuza

Usianze hatua ya kwanza. Anza kwa kugusagusa, kiungo kimoja kimoja, ili vidole vijue kila kimoja ni cha namna gani.

Kiungo cha gololi kinazunguka pande zote na kikizidiwa hutoka kwenye tundu lake. Kikitoka hujavunja kitu, kirudishe tu. Kiungo cha msuguano ni pini iliyopita kati ya plastiki mbili. Kinazunguka laini, kimya, na kikiwa kigumu kupita kiasi ndicho kinachovunjika, kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye kuta nyembamba za tundu. Kiungo cha meno kinalia ka-ka-ka; kinapatikana kwenye nyonga, magoti na mabega ya roboti kubwa, na kinavumilia nguvu. Tofauti hii ndiyo ulinzi wako. Kikilia, endelea. Kikiwa kimya na kigumu, simama.

Kuna aina ya nne inayowaponza watu: gia. Safu ya midoli ya filamu ya 2007 ilikuwa na kitu walichokiita Automorph, ambapo ukisogeza kipande kimoja kingine kinajisogeza kwa meno yaliyofichwa ndani. Inapendeza sana, ila ina upande wake wa kuanzia. Ukivuta kile kinachotakiwa kufuata badala ya kile kinachotakiwa kuongoza, meno yanaruka, na baada ya hapo vipande havikutani tena. Ukiona vipande viwili vinahama kwa pamoja bila wewe kuvigusa vyote, rudi ulipoanzia, jaribu kutoka upande wa pili, na upande wenye wepesi ndio sahihi.

Kuigeuza

Mpangilio huu unafaa karibu kila roboti, hata ile isiyo na karatasi.

Anza na vitu vinavyotoka au kuzama: silaha, viganja, kichwa. Viganja vingi vinaingia ndani ya mkono. Kichwa mara nyingi kinazunguka kwenda nyuma au kinazama kifuani, na kuna kifuniko kinachotakiwa kufunguliwa kwanza. Usisukume kichwa kabla ya kuona shimo lake.

Pili, fungua kufuli. Roboti za namna hii zimeshikwa na ndimi ndogo za plastiki zinazoingia kwenye matundu: kifua na tumbo, mgongo na kiuno, shavu la mguu na ugoko. Kiuno kikikataa kuzunguka, karibu kila mara kuna ulimi mgongoni ambao bado umeingia tunduni. Utafute kwa kijiti, unyanyue, uusikie umeachia.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi wanapobania: ipasue yote. Fungua kila kibao kadiri kinavyofunguka kabla ya kuhamisha mwili. Meza itajaa, roboti itaonekana imeharibika, na hilo ndilo unalolitaka. Roboti yenye vibao vingi haigeuki sehemu kwa sehemu. Ukifunga mguu wa kushoto ukauita umekwisha, kisha ukaanza wa kulia, utakuta ule wa kushoto unatakiwa kufunguliwa ili wa kulia upite.

Nne, hamisha vikubwa. Miguu, mikono, kifua, viwekwe mahali vinapotakiwa kuwa katika gari, vibao vyote vikiwa bado wazi. Jiulize tairi zinatakiwa kuwa wapi. Tairi nne ndizo zisizodanganya. Ukiziweka kwenye pembe zake nne, sehemu kubwa ya mwili imeshajipanga. Baada ya tairi tafuta taa za mbele, kisha taa za nyuma. Kwa aliyepata mdoli bila karatasi, njia hii inatosha kabisa kufika nusu ya safari.

Tano, funga kutoka ndani kwenda nje. Ni sawa na kufunga sanduku la safari: nguo ya chini ikikaa vibaya, zipu ya juu ndiyo inayoonekana mbovu.

Chukua mguu wa chini wa roboti ya lori yenye utata wa aina hii, tuutazame kwa karibu. Shavu la mguu linafunguka kwa milango miwili. Ndani kuna kibao kilichokunjwa mara mbili, kimeshikwa na bawaba yenye unene wa milimita mbili hivi. Kibao hicho lazima kitoke kwanza, kizunguke nusu duara, kilale juu ya ugoko. Ndipo kisigino kiingie kwenye nafasi kilichoiacha. Ukitanguliza kisigino, kibao kitaonekana kama kimeingia, milango itakuja karibu kabisa na kufunga, na katikati patabaki ufa mwembamba. Ufa ule unashawishi. Unaona kabisa kwamba ukibana kidogo tu utafunga. Ukibana, nguvu haiendi kwenye milango, inaenda kwenye ile bawaba ya ndani ambayo huioni, nayo haitoi onyo zaidi ya kugeuka nyeupe.

Kwa hiyo sheria ya ufa ni hii: ufa ukionekana mahali, kosa haliko hapo. Liko hatua moja au mbili nyuma, ndani. Paa la gari lisipokaa, usiguse paa. Tazama kichwa cha roboti kama kimezama mpaka mwisho. Milango isipokaa, tazama viwiko. Boneti lisipokaa, tazama nyayo au kifua, kutegemea mbele ya gari inakuwa sehemu gani ya roboti. Fungua, sogeza cha ndani, funga tena. Na ukishafungua mara ya tatu bila mafanikio, weka chini, kanywe chai. Vidole vilivyochoka vinabana bila wewe kujua.

Kurudi kwenye roboti usidhani ni kusoma karatasi kinyumenyume. Kuna kufuli zinazofunga katika umbo la gari tu, na mara nyingi ni lazima utoe milango kidogo upande kwanza ndipo paa linyanyuke. Ukishika roboti katikati ya kazi, shika kwenye mwili mzito, kifua au mapaja. Kushika kwenye kibao huku unasukuma sehemu nyingine ndiyo njia fupi zaidi ya kubaki na kibao mkononi.

Ikigoma

Kigumu kina sababu moja kati ya tatu: kufuli haijafunguka, unakizungusha upande usio wake, au pini imekaza kiwandani. Mbili za kwanza zimalize kwanza kwa kutazama picha. Ya tatu unaijua kwa sababu kiungo kinasogea kidogo kisha plastiki yenyewe inapinda. Hapo pasha moto mahali hapo kwa draya ya nywele, joto la chini, kwa sekunde chache, kisha jaribu kwa mwendo mdogo wa kwenda na kurudi. Tone moja la mafuta ya silikoni linasaidia. Mafuta ya magari na yale ya kopo la kupulizia yaachie bawaba za mlango wa nyumba, kwa sababu yenye asili ya petroli yanaweza kuidhoofisha plastiki.

Kinacholegea ni rahisi zaidi. Kama kuna skrubu, ikaze kidogo kidogo. Bisibisi ya nyota iwe saizi inayojaza tundu lote la skrubu, la sivyo utalisaga. Ukiitoa skrubu na kuirudisha, izungushe kwanza kinyume taratibu mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukikaza moja kwa moja unachimba njia mpya, na plastiki ile haina njia tatu.

Gololi iliyolegea ichomoe, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, uiache usiku kucha ikauke kabisa, kisha irudishe. Rudia kama haijatosha. Usiweke supaglu ndani ya kiungo kilichofungwa. Siku moja itashika kweli.

Pini ya chuma iliyogongwa ina upande wenye mikwaruzo inayong'ata plastiki, na upande laini. Ukitaka kuitoa, isukume kutokea upande laini, ili ule wenye mikwaruzo utangulie kutoka. Ukifanya kinyume unaiburuza mikwaruzo ndani ya tundu zima na kulipanua.

Kilichokatika kabisa kinategemea plastiki. Sehemu kubwa ya bodi huwa ni ABS, na hiyo inashika vizuri kwa gundi ya plastiki inayotumika kwenye modeli za kuunganisha. Viungo vingi vinavyoteleza mkononi kama vina nta ni POM, na hiyo haishiki gundi wala rangi. Hapo toboa tundu jembamba pande zote mbili za palipokatika, pitisha waya wa chuma uliokatwa, ndipo utie gundi. Kazi inashikwa na waya. Gundi ipo kuuzuia usitoke.

Kuhusu kuchonga ulimi usioingia tunduni kwa wembe: fanya, lakini baada ya kuigeuza roboti mara kadhaa na kuhakikisha kwamba kosa si la mpangilio wako. Rangi iliyopakwa nene kiwandani inaweza kweli kumnyima kibao nafasi, na msasa laini kwenye ukingo wa ndani, usioonekana, hutatua. Vibao vinavyosuguana huchubua rangi kila ukigeuza; unaweza kupitisha kipande cha karatasi laini katikati yake wakati vinapishana.

Kuiweka

Hapa sina mengi. Jua la dirishani hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Hewa ya pwani ina chumvi, na aliyeko Tanga, Mombasa au Unguja ataona pini na skrubu zinapata kutu kabla ya mtu wa bara. Boksi lenye mfuniko na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia sana. Karatasi ya maelekezo na vipande vidogo viweke kwenye mfuko mmoja, uandike jina la roboti juu yake. Usifunge vibao kwa mipira ya kufungia pesa. Inaacha alama na kuoza juu ya rangi.

Umbo la kuhifadhia lichague kwa kutazama ni lipi lisilobana kitu. Roboti yenye vibao vingi, mimi huiacha imesimama katika umbo la roboti. Ikikaa gari kwa miezi huku bampa linasukumwa kwa ndani, plastiki inayobanwa muda mrefu hupinda polepole na kubaki hivyo. Kama lazima ikae gari, achia ulimi mmoja, ule wa kibao kinachovimba zaidi, ubaki wazi kwa milimita moja.